Pasti pepa ni ya kufanywa, si ya kusomwa

Ikifika Machi, biashara ya kutoa kopi hunoga karibu na shule za kidato cha sita nchini Tanzania. Mitihani ya miaka iliyopita, yaani pasti pepa, hutolewa kopi, ikabanwa pini, ikasambaa bweni hadi bweni. Mwanafunzi hupata fungu lake, akapanda juu ya dabo deka, akasoma swali la kwanza, akageuza ukurasa kutazama jibu, akatikisa kichwa: hili nalijua. Anaingia la pili. Kabla taa hazijazimwa amemaliza mitihani ya miaka mitatu, na kalamu yake bado ina kifuniko.

Usiku huo atalala akiamini amefanya mazoezi. Alichofanya ni kusoma tu, na kusoma kwa namna hiyo ni miongoni mwa njia dhaifu kabisa za kujiandaa. Pasti pepa huwa na thamani pale inapofanywa kama mtihani wenyewe: karatasi tupu, saa mezani, majibu yamefichwa, kisha usahihishaji usio na upendeleo, kisha kurudia yaliyokosewa baada ya siku kadhaa. Wanafunzi wanaofanya hivyo hupandisha alama. Ushahidi upo, umekusanywa kwa miaka mingi, na shule nyingi zinautumia kidogo mno.

Kuna watakaouliza haraka ya nini, ilhali matokeo ya kidato cha sita ni mazuri. Kweli, mwaka 2023 na 2024 ufaulu wa jumla ulipita asilimia 99. Lakini takwimu hiyo inaficha ushindani ulipo. Pale ambapo karibu kila mtahiniwa anafaulu, kufaulu peke yake hakumpi mtu nafasi. Anayeipata ni mwenye alama nzuri katika masomo yanayotakiwa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na mwombaji wa shahada ya kwanza anatakiwa awe na pointi zisizopungua 4 kutoka masomo mawili yanayohusika na kozi anayoiomba. Hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Anayetaka udaktari Muhimbili au uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anashindana na wengine wengi waliokwishakivuka. Na mipaka ya madaraja haina huruma: 59 ni D, 60 ni C, 69 ni C, 70 ni B. Mwanafunzi aliyepata 58 kwenye Kemia hahitaji muujiza. Anahitaji alama mbili, pengine hatua moja ya hesabu aliyoiruka na kizio alichosahau kukiandika. Alama za namna hiyo ndizo zinazopatikana kwa mazoezi.

Mwaka 2006, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angestahili kulijua. Waliwapa wanafunzi wa chuo matini fupi. Kundi moja liliisoma mara nne mfululizo. Kundi jingine liliisoma mara moja tu, kisha mara tatu likaiweka pembeni na kuandika kila lilichokumbuka, bila kuonyeshwa tena matini yenyewe. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliokuwa wakijipima walikumbuka asilimia 61 ya matini, na waliosoma mara nne wakakumbuka asilimia 40. La kushangaza zaidi ni kwamba hao waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka.

Hapo ndipo mwanafunzi wa dabo deka anaponaswa. Kurudia kusoma humfanya mtu aizoee karatasi, na akishaizoea hujiona anajua. Jibu likiwa mbele ya macho huonekana jepesi, likifichwa hutoroka. Chumba cha mtihani hakimuulizi mtahiniwa kama atalitambua jibu akionyeshwa. Kinamtaka alitoe kichwani mwake, alipange, aliandike kwa Kiingereza, na amalize ndani ya saa tatu. Hakuna kocha wa Simba wala Yanga anayewaandaa wachezaji kwa kuwaonyesha video za mechi tu, siku baada ya siku, bila kuwaingiza uwanjani.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipitia njia kumi maarufu za kujisomea na kuzipima kwa ushahidi uliokwishakusanywa. Mbili tu ziliwekwa kwenye daraja la juu: kujipima, na kugawa mazoezi katika vipindi vilivyoachana. Kupigia mistari na kurudia kusoma, ambako ndiko wanafunzi wengi wanakokuita kupiga msuli, kuliwekwa daraja la chini. Mwanafunzi anayekesha wiki ya mwisho na daftari lake amechagua njia iliyoshika mkia, na ameichagua kwa moyo wake wote, kwa uchovu na kwa macho mekundu. Hilo linasikitisha, kwa sababu bidii anayo. Hakuna aliyemwonyesha pa kuielekeza.

Maabara, hata hivyo, ni maabara. Kwenye mtihani halisi wa kuingia chuo, mazoezi hupandisha alama kwa kiasi gani? Marekani ina kisa kinachofaa kusimuliwa, kwa kuwa huko wenye mtihani wenyewe walikana kwa miongo kadhaa. Mtihani wa SAT, unaotumiwa na vyuo vya huko kuchagua wanafunzi, na ambao hata baadhi ya vijana wa Dar es Salaam na Nairobi huufanya wanapoomba vyuo hivyo, ulianza mwaka 1926. Ulitangazwa kuwa unapima kipaji, na ilidhaniwa kwamba kipaji hakiongezwi kwa tuisheni. Stanley Kaplan, kijana wa Brooklyn na mtoto wa wahamiaji, hakukubali. Alianza kufundisha mwaka 1938 kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake, na kuanzia 1946 akawa anawaandaa vijana kwa ajili ya SAT. College Board, taasisi yenye mtihani huo, ilishikilia kwamba maandalizi ya namna hiyo hayana faida ya maana. Ubishi ulifika hadi Tume ya Shirikisho ya Biashara, ambayo mwaka 1979 ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba, angalau kwenye shule mojawapo ya tuisheni iliyochunguzwa, wanafunzi walipanda kwa wastani wa takriban alama 25 katika kila sehemu ya mtihani.

Kila sehemu ya SAT huanzia alama 200 hadi 800. Kwa hiyo 25 si alama za kubadili maisha ya kila mtu, na tafiti za baadaye, zikiwemo za mtafiti Derek Briggs, zilipata ongezeko dogo zaidi ya hilo kwa tuisheni za kulipia. Mzazi anayeahidiwa maajabu na mwenye tuisheni, awe Boston au Sinza, ana haki ya kudai ushahidi.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2015 College Board ileile ilishirikiana na Khan Academy, shirika lisilo la faida la Salman Khan, kutoa mazoezi ya SAT bure mtandaoni. Miaka miwili baadaye walitangaza kwamba wanafunzi waliotumia saa 20 kwenye mazoezi hayo walipanda kwa wastani wa alama 115 kutoka mtihani wa awali, PSAT, hadi SAT yenyewe. Hapa pia pana haja ya tahadhari. Wasioyatumia nao walipanda kwa alama zipatazo 60, kwa kukua tu na kuendelea na masomo. Na anayejituma kwa saa 20 bila kusukumwa huenda angepanda hata kwa njia nyingine. Lakini hata baada ya kuondoa ukuaji huo wa kawaida, kinachobaki ni kikubwa kuliko wastani wa tuisheni nyingi za kulipia, nacho hakikumgharimu mzazi chochote. Siri ya mazoezi hayo haikuwa mwalimu hodari. Programu iliangalia alikokosea mwanafunzi kwenye mtihani wa awali, ikamrudisha hapo hapo, ikampa swali jingine la aina hiyo, ikamwonyesha kosa lake papo hapo.

Mwalimu wa Songea au Bukoba asiye na programu yoyote anaweza kufanya jambo hilo kwa kalamu nyekundu.

Liko kosa jingine ambalo shule zinalifanya kwa nia njema: kufanya maswali ya topiki moja hadi yaishe, ndipo kuhamia nyingine. Mwaka 2015 Doug Rohrer na wenzake huko Florida walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye madarasa halisi ya darasa la saba. Wanafunzi walipewa maswali ya hisabati, mengine yakiwa yamepangwa aina kwa aina, mengine yakiwa yamechanganywa. Baada ya mwezi mmoja baadhi yao walipewa mtihani wa kushtukiza. Kwenye maswali waliyojifunza kwa kuchanganya walipata asilimia 74. Kwenye yale yaliyopangwa aina kwa aina, asilimia 42. Sababu yake haina fumbo. Anayefanya maswali ishirini ya milinganyo mfululizo hajiulizi atumie kanuni gani, maana kichwa cha zoezi kimekwishamwambia. Karatasi ya mtihani haina vichwa hivyo. Kazi ya kwanza ya mtahiniwa, kabla hajaandika chochote, ni kulitambua swali limetoka wapi, na kazi hiyo haifundishwi na mazoezi ya topiki moja. Vitabu vya maswali vilivyopangwa kwa topiki vinafaa kidato cha tano, mwanafunzi anapojenga msingi. Akiwa kidato cha sita anapaswa kuhamia kwenye karatasi nzima, kama ilivyotoka.

Karatasi nzima ina faida nyingine isiyopatikana kwa swali mojamoja, nayo ni muda. Karatasi ya kwanza ya Hisabati ya Juu ina maswali 10 yenye alama 10 kila moja, na muda wake ni saa tatu. Hiyo ni dakika 18 kwa swali. Mwanafunzi aliyezoea kusolvu kwa starehe, akinywa maji na kuulizana na mwenzake, hajui dakika 18 zinakwenda vipi. Siku ya mtihani hung'ang'ania swali moja kwa dakika 40, akalipata, na kwa kulipata huko amekwishakula muda wa swali jingine zima alilokuwa analiweza. Kujua wakati wa kuliacha swali ni ujuzi, na haujengwi kwa kuusikia darasani. Hujengwa kwa kukaa saa tatu, mara moja, mara mbili, mara tano, hadi saa ya ukutani iache kumtisha mtu.

Sasa mwanafunzi amemaliza karatasi. Nani atamwambia amekosea wapi? Hapa Tanzania ina hazina ambayo haitangazwi vya kutosha. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973, huweka kwenye tovuti yake, bila malipo, mitihani iliyopita pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina taarifa yake. Taarifa hiyo huenda swali kwa swali: swali lilikuwa linapima nini, asilimia ngapi ya watahiniwa walilifanya vizuri, wastani au vibaya, na waliofanya vibaya waliteleza wapi. Ndani yake mna kurasa halisi za majibu, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, jibu zuri na jibu dhaifu. Mwishoni topiki hupangwa kwa rangi za kijani, njano na nyekundu kulingana na zilivyofanywa.

Hakuna tuisheni inayoweza kuuza kitu cha thamani kuliko hicho. Ni sauti ya waliosahihisha, wakieleza kwa utulivu kwa nini alama zilikatwa. Anayezisoma taarifa za miaka kadhaa za somo moja huona malalamiko yaleyale yakirudi: mtahiniwa hakubaini swali linataka nini, hana ujuzi wa kutosha wa dhana husika, hesabu zake za msingi ni dhaifu, Kiingereza chake hakikumwezesha kueleza alichokuwa nacho. La kwanza kati ya hayo lingemshangaza mzazi. Kijana anaweza kuijua topiki nzima na bado akapoteza alama kwa sababu ametaja pale alipotakiwa kujadili, au ametoa faida pale walipotaka athari. Kosa hilo halitibiwi kwa kusoma zaidi. Linatibiwa kwa kuyajibu maswali mengi na kuambiwa kila mara: hukuulizwa hivi.

Namna nzuri ya kuitumia taarifa hiyo ni kuifunga kwanza. Mwanafunzi afanye karatasi ya mwaka fulani hadi mwisho, aisahihishe kwa mwongozo au kwa msaada wa mwalimu, ndipo afungue uchambuzi wa mwaka huohuo. Akikuta jibu lililoonyeshwa kuwa dhaifu linafanana na lake, amepata somo asilolisahau. Akiifungua kabla, anarudi kulekule kwa kusoma majibu na kutikisa kichwa.

Tatizo ni kuzifikisha taarifa hizo kwa wanafunzi. Taarifa nyingi za sekondari huandikwa kwa Kiingereza, ni ndefu, na ziko mtandaoni. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na si busara kuzilaumu kwa hilo. Maana yake ni kwamba uchambuzi unaotayarishwa kwa fedha za umma na kwa jasho la wasahihishaji hukaa kwenye seva, huku mwanafunzi aliyekusudiwa akinunua kopi za majibu ambayo hajui nani aliyaandika. Baraza, Wizara ya Elimu na TAMISEMI wangeweza kulimaliza jambo hili kwa gharama ndogo: nakala zilizochapwa, angalau seti moja ya miaka mitano kwa kila shule yenye kidato cha tano na cha sita, pamoja na muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya wazazi na bodi za shule. Ofisa elimu anayekagua shule aulize zilipo, kama anavyouliza andalio la somo.

Suala la Kiingereza linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Mwanafunzi wa tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Lugha ya Kiingereza, anaweza kubishana na wenzake kwa Kiswahili juu ya uchumi wa kikoloni hadi saa nne usiku, akitoa hoja zenye uzito. Kesho yake anatakiwa aandike insha ya hoja hizohizo kwa Kiingereza, kwa mkono, aya baada ya aya. Kuandika dondoo kwenye daftari hakumwandai kwa hilo. Sentensi nzima ndiyo inayomlemea, na sentensi nzima ndiyo anayopaswa kuifanyia mazoezi: insha kamili, si vichwa vya hoja. Mjadala juu ya lugha ya kufundishia utaendelea, na ni mjadala wa haki. Lakini mtahiniwa wa Mei hawezi kuusubiri.

Masomo ya sayansi yana karatasi ya vitendo, ambayo shule nyingi huikumbuka dakika za mwisho. Si kila jaribio linadai maabara yenye vifaa vya bei. Uzi, kijiwe, rula na saa ya mkononi vinatosha kufanya jaribio la pendulamu: uzi wa mita moja huchukua takriban sekunde mbili kwenda na kurudi. Mwanafunzi aliyelifanya mara nyingi, akabadili urefu, akachora grafu, akapata namba inayokaribia 9.8, huingia chumba cha vitendo mikono haitetemeki.

Wapo walimu wanaopinga haya yote kwa hoja nzito. Wanasema elimu inageuka kuwa kuwinda maswali, na mtoto anatoka shuleni akijua kujibu bila kujua kufikiri. Hofu yao inastahili heshima, kwa sababu yapo mazoezi ya aina hiyo: kukariri majibu ya maswali yanayotabiriwa kutoka. Mazoezi yanayotetewa hapa ni tofauti. Pasti pepa haimfundishi mtu intigresheni ambayo hajawahi kufundishwa. Kazi yake ni kumwonyesha, mapema, kwamba haijui, ili arudi kwenye kitabu na kwa mwalimu kukiwa bado na muda. Karatasi za zamani mno nazo zinaweza kupotosha mtaala unapobadilika. SAT ilihamia kwenye kompyuta, mwaka 2023 kwa wanafunzi walio nje ya Marekani na 2024 kwa walio ndani, ikafupishwa hadi saa 2 na dakika 14, na vifungu virefu vya kusoma vikaondolewa. Aliyejiandaa kwa vitabu vya 2016 alijizoeza mambo ambayo hakuyakuta. Kwa hiyo mwalimu wa somo ndiye anayepaswa kuchagua karatasi zipi zitumike, si mwenye duka la kopi.

Na ipo njia ya mkato ambayo kila mwaka huwameza wengine: pepa lililovuja, au linalodaiwa kuvuja. Kenya iliilipia njia hiyo kwa aibu ya taifa. Baada ya mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE, ya 2015 kuvurugwa na wizi, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa, na mwaka uliofuata Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, akalivunja baraza la mitihani na kubana ulinzi wa karatasi. Idadi ya waliopata A ilianguka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Hadi leo kuna wanaobishana kama usahihishaji nao ulibanwa kupita kiasi. Lakini mwanafunzi anayetumia wiki mbili za mwisho kusaka karatasi kwenye makundi ya WhatsApp, nyingi zikiwa feki, ametupa wiki ambazo zingemtosha kufanya mitihani sita kamili.

Usawa nao ni sehemu ya hoja hii. Wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha mwaka 2023 kwamba Mmarekani aliyezaliwa katika familia za asilimia moja ya juu kwa kipato ana uwezekano mara 13 zaidi ya mtoto wa familia maskini wa kupata 1300 au zaidi kwenye SAT. Mazoezi ya bure hayafuti pengo la namna hiyo. Pengo hilo huanza kujengwa tangu chekechea. Lakini mazoezi ni moja ya vitu vichache ambavyo mtoto wa mkulima wa Kibondo anaweza kuvipata kwa ubora uleule wa mtoto wa Masaki, kama mtu mzima atajali kumfikishia. Afrika Mashariki imeshaonyesha kwamba inawezekana. Nchini Kenya, huduma ya Shupavu 291 ya Eneza Education ilipeleka maswali ya kujipima kwa ujumbe mfupi kwenye kabambe, yaani simu za kawaida za vitufe. Tanzania ina Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, na ina Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Wakati wa likizo, kijana aliye nyumbani na simu ya mzazi wake kwa nusu saa tu kila jioni anaweza kujipima bila kulipa ada ya tuisheni.

Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, iko shuleni, na inaanza na mtihani wa utamilifu, ambao wanafunzi wanauita moko. Kwenye shule nyingi moko ni tukio. Matokeo hubandikwa ukutani, wa kwanza hupigiwa makofi, wa mwisho huitwa ofisini, na karatasi zilizosahihishwa hurudi zikiwa zimechelewa au hazirudi kabisa. Alama imetoka, mafunzo yamebaki kabatini. Inatakiwa kinyume chake. Karatasi irudi ndani ya wiki moja. Kila mwanafunzi aandike upya kila swali alilopoteza alama, kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kutazama mwongozo. Wiki tatu baadaye apewe maswali yenye umbo lilelile na namba tofauti, ionekane kama amepona.

Mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi kusahihisha insha 80 kila wiki, na kumtaka afanye hivyo ni kumkandamiza. Lakini wanafunzi waliopewa mwongozo wa usahihishaji wanaweza kusahihishana wao kwa wao, mwalimu akipitia sampuli ya karatasi kumi. Anayesahihisha kazi ya mwenzake hujifunza jinsi alama zinavyogawanywa ndani ya swali, na tangu hapo huandika kwa kumfikiria msahihishaji. Kamati za wazazi zinazochangia posho ya masomo ya ziada zingefanya vizuri kuhamishia sehemu ya fedha hiyo kwenye karatasi za kuchapia na posho ya usahihishaji.

Muda upo. Kidato cha sita huanza Julai na mtihani hufanyika Mei ya mwaka unaofuata. Jumamosi mbili kwa mwezi, asubuhi, saa tatu kwa kila karatasi, hata likizo zikitolewa, zinampa mwanafunzi karatasi kamili zisizopungua 15 kabla ya siku yenyewe. Shule inayotaka kuanza haihitaji kusubiri waraka kutoka Dodoma. Inahitaji mwalimu wa taaluma atakayeibandika ratiba hiyo ubaoni muhula wa Julai unapofunguliwa, na mkuu wa shule atakayezuia mambo mengine yasiingilie Jumamosi hizo.